Kusafisha kompyuta ndogo ya mezani na kubadilisha pesti ya joto: mwongozo kamili

Feni ya kompyuta ndogo ikianza kuvuma wakati umefungua kurasa mbili tatu tu za intaneti, na hewa inayotoka nyuma ikawa hafifu lakini ya moto, ujue joto linazalishwa kama siku zote ila njia ya kulitoa imeziba. Mashine hizi hazina nafasi ya kupoteza. Zile za ofisini, mfano HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny, zina ujazo wa lita 1 hivi. Nyingi za kina Intel NUC na Beelink hazifiki hata hapo. Ndani ya kiboksi hicho mna prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) inayokula wati 15, 35, pengine hata 65, na feni moja inayotakiwa kusukuma hewa katikati ya mapezi membamba ya chuma yaliyobanana. Nyuzi za nguo, nywele na vumbi la sakafuni vikiingia humo, havitoki vyenyewe.

Prosesa nyingi za Intel na AMD za aina hii hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi. Haziungui, zinajilinda. Unachokiona wewe ni mashine nzito: video inakwama, programu zinachelewa kufunguka, na wengi huanza kuilaumu Windows au kufikiria kununua kompyuta nyingine. Mara nyingi inachohitaji ni bisibisi na saa moja na nusu ya utulivu.

Msimamo wangu katika kazi hii ni kwamba vumbi linatangulia na pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza ili joto lipite, inafuata. Watu hukimbilia kununua pesti ya bei kubwa huku mapezi yameziba kabisa, wakaipaka vizuri, wakafunga, na joto likabaki palepale. Pesti haina la kufanya kama hewa haipiti.

Pima kabla hujagusa skrubu

Bila vipimo vya mwanzo hutajua kama kazi yako imesaidia. Kwenye Windows tumia HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la kila kiini cha prosesa, kasi yake, wati inazotumia, na pia inakuambia kama prosesa imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Kwenye Linux weka kifurushi cha lm-sensors kisha utumie amri ya sensors. Ili kuipa mashine kazi nzito, Cinebench inatosha kwa Windows na stress-ng kwa Linux. Iache ifanye kazi kwa dakika 15.

Andika mambo manne: joto mashine ikiwa imetulia, joto ikiwa kazini, kasi ya prosesa mwishoni mwa jaribio, na joto la chumba. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ni muhimu. Ukipima leo chumbani mna nyuzi 32 na ukarudia kesho asubuhi mna 24, tofauti ya nyuzi 8 hivi imetoka hewani, si mikononi mwako.

Namba hizo zinaweza kukuonyesha ugonjwa uko wapi hata kabla ya kufungua. Tazama dakika ile unaposimamisha jaribio. Joto likianguka nyuzi 30 ndani ya sekunde mbili tatu, maana yake prosesa ilikuwa ya moto sana lakini hitisinki, yaani kile chuma chenye mapezi kinachoipoza, ilikuwa ya baridi kiasi: joto halikuwa linavuka kutoka chipu kwenda kwenye chuma, kwa hiyo pesti imechoka au hitisinki haijakaa sawa. Joto likishuka polepole kwa dakika kadhaa, hitisinki yenyewe ilikuwa imejaa joto na hewa haikuwa inaliondoa, kwa hiyo tatizo ni vumbi au feni. Sasa weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa wakati wa jaribio. Hewa nyingi isiyo na joto la maana huku prosesa ikisoma 98 inaelekeza kwenye pesti. Hewa kidogo ya moto inaelekeza kwenye mapezi yaliyoziba. Dalili zote mbili huweza kukutana kwenye mashine moja, hasa iliyofanya kazi miaka minne mitano bila kufunguliwa.

Maandalizi ambayo hayahusu bisibisi

Nakili kwanza mafaili yako muhimu. Kama unatumia Windows na diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, tafuta ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 na uuandike mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Kuchomoa betri ya saa, ile ndogo ya mviringo iliyo ndani, kunaweza kurudisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kwenye hali ya mwanzo, na Windows ikiona mabadiliko hayo inaweza kukudai ufunguo. Bila ufunguo data zako zimefungiwa humo humo.

Kisha tambua modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya mashine, na utafute kitabu chake cha ufundi. HP, Dell na Lenovo hutoa vitabu hivyo bure kwenye tovuti zao, vikiwa na picha za kila skrubu. Kwa makampuni madogo mara nyingi huna budi kutegemea picha na video za watu waliofungua modeli kama yako. Zitazame zote hadi mwisho kabla ya kuanza, hasa sehemu ya kurudishia.

Jua pia mashine yako ni ya ukoo gani, kwa sababu kazi inatofautiana. Ukoo wa kwanza ni zile za ofisini za lita 1. Nyingi hutumia prosesa ya kawaida ya mezani inayokaa kwenye soketi, yenye mfuniko wa chuma juu yake. Zimebuniwa zifunguliwe na mafundi wa ofisi, hivyo hazina hila. Ukoo wa pili hutumia prosesa za kompyuta mpakato zilizochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), zikiwa na chipu iliyo wazi isiyo na mfuniko. Hizi ndizo zinazotaka mkono mwepesi.

Vifaa si vingi. Bisibisi za nyota za PH0 na PH1 (baadhi ya mashine, hasa za HP, huwa na skrubu za Torx, zenye tundu la ncha sita, kwa hiyo kuwa na T15 pia), kijiti cha plastiki cha kubanulia, kibano chenye ncha nyembamba, brashi laini, kifaa cha kupulizia hewa, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa au karatasi isiyoacha nyuzi, vijiti vya pamba, na pesti yenyewe. Ongeza pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto kutoka chipu ndogo kwenda kwenye chuma) za unene wa mm 0.5, 1 na 1.5 kama unaweza kuzipata, kwa sababu za zamani hupenda kuchanika. Na chukua karatasi kubwa nyeupe: chora umbo la mashine, kila skrubu unayoitoa iweke mahali pake kwenye mchoro. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa madabodi, kwa hiyo karatasi hii si mapambo.

Mashine ya kufyonza vumbi iache kando. Mdomo wake wa plastiki huzalisha umemetuli, na nguvu yake hung'oa vitu vidogo.

Kufungua

Kabla ya kuzima, iache mashine ifanye kazi dakika 10 ipate joto. Pesti iliyopata joto hulainika na hitisinki itatoka bila vita. Izime kabisa, kwenye Windows shikilia kitufe cha Shift unapobofya Zima, ili isijilaze nusu usingizi. Chomoa adapta ya umeme na kila kebo iliyobaki, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo, uishe. Fanya kazi juu ya meza tupu, si zulia, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa ndani, kisha urudie kila unaposimama na kurudi.

Kwenye zile za lita 1, kwa kawaida kuna skrubu moja nyuma inayofunguka hata kwa vidole. Itoe, sukuma mfuniko mbele, unyanyue. Kwenye zile ndogo zaidi, geuza mashine utafute skrubu nne chini. Usipoziona, zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Ibandue miguu hiyo kwa ukucha au kijiti cha plastiki, polepole, gundi isipotee maana utairudishia.

Hapa pana mtego wa kwanza. Bamba la chini likishaachia, usilivute. Linyanyue sentimita mbili tu, uchungulie kwa tochi. Kwenye modeli nyingi bamba hilo limeshika diski ya inchi 2.5 yenye kebo bapa, au feni ndogo ya pili yenye waya mfupi, au pedi ya joto iliyong'ang'ania SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka). Ukivuta kwa nguvu unang'oa soketi ya kebo kutoka kwenye madabodi, na hiyo si kazi ya kurekebisha nyumbani. Piga picha, chomoa kebo kwanza, ndipo uondoe bamba.

Sasa unaona upande mmoja wa madabodi. Kwenye ukoo wa kwanza feni na hitisinki viko mbele yako tayari, na unaweza kuruka aya mbili zinazofuata. Kwenye ukoo wa pili, mara nyingi unachokiona ni RAM (vibao vya kumbukumbu), SSD na kadi ya Wi-Fi tu, huku feni ikiwa upande wa pili. Madabodi lazima itoke.

Kinachowatesa watu wengi hapo ni waya za antena. Ni mbili, nyembamba, nyeusi au kijivu, na mwisho wake kuna kifungo kidogo cha shaba cha duara chenye upana wa milimita mbili hivi, kilichobonyezwa juu ya kadi ya Wi-Fi. Piga picha inayoonyesha ipi iko kushoto na ipi kulia. Ingiza ncha ya kijiti cha plastiki chini ya kifungo, karibu kabisa na shingo yake, unyanyue wima kwenda juu hadi usikie kimlio chepesi. Usivute kwa waya na usikiinamishe upande. Vifungo hivi vimebuniwa vifunguliwe na kufungwa mara chache tu. Aina ya U.FL imekadiriwa kwa mara 30 hivi. Kila unapokilazimisha unakilegeza.

Toa SSD na RAM kama zinaziba skrubu. Fungua skrubu zinazoshika madabodi, angalia kama kuna kebo ya kitufe cha kuwashia, kisha inua kwanza upande wa mbele na uiteleze madabodi ili plagi za nyuma zitoke kwenye matundu yao. Ikikataa, kuna skrubu umeisahau. Simama, tafuta. Madabodi inayotoka sawasawa haitaki nguvu.

Vumbi

Chomoa kwanza plagi ya feni. Mara nyingi ina waya nne. Sukuma mabega ya plagi kwa ncha ya kibano, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka itoke, waya usiziguse. Feni hushikwa na skrubu tatu au nne ndogo. Itoe.

Chungulia pale feni inapokutana na mapezi. Kwa mashine iliyokaa miaka bila kufunguliwa utakuta utando mnene wa kijivu umejipanga kwenye mdomo wa mapezi, umeshikana kama kipande cha blanketi kiasi kwamba ukiushika pembeni kwa kibano unatoka mzima. Huo ndio uliokuwa unazuia hewa. Kwa nje ulikuwa hauonekani, na ndiyo sababu kupuliza hewa kupitia matundu ya nyuma bila kufungua mara nyingi hakusaidii: utando hauvunjiki, unasogea tu na kurudi.

Utoe wote kwa kibano kwanza. Halafu tumia brashi, kisha hewa, na hewa ipite kutoka upande wa kutokea kuelekea upande wa feni, yaani kinyume na njia yake ya kawaida. Ukipuliza kutoka upande wa feni unausukuma uchafu ndani zaidi. Kama unatumia kopo la hewa, lishike wima wakati wote. Ukiliinamisha linatema kimiminika baridi sana badala ya hewa. Simamisha mapezi mbele ya taa: mwanga upite katikati ya kila pezi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali unapoona giza, rudia.

Unapoisafisha feni, shikilia mapanga yake kwa kidole. Hewa kali inaweza kuizungusha kupita kasi iliyobuniwa, na hapo bearingi inaumia. Mapanga yafute moja moja kwa kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi kidogo, kwa sababu vumbi lililoshika kwenye makali huifanya feni iyumbe na kupiga kelele. Izungushe kwa kidole usikilize. Ikikwaruza au ikisimama ghafla, bearingi imekwisha. Usiitie mafuta ya cherehani ukitegemea itapona, tafuta nyingine. Unapoagiza, soma kibandiko chake: namba ya sehemu, mpangilio wa waya, na volti. Kuna za volti 5 na za volti 12, na kwa umbo huweza kufanana kabisa.

Hapa jiulize kama kuna haja ya kuendelea. Kama vipimo vyako vilionyesha shida ni hewa, mashine haina umri mkubwa, na umeweza kusafisha mapezi bila kung'oa hitisinki, rudishia na upime. Sioni ubaya wowote kuishia hapo. Lakini ukishaiinua hitisinki, hata kwa milimita, pesti ya zamani haitumiki tena. Imeingia hewa, na itabidi iondolewe yote.

Kung'oa hitisinki

Tazama skrubu zake. Nyingi zimechapwa namba 1, 2, 3, 4 kwenye chuma. Unapokaza unafuata namba kwenda mbele. Unapolegeza unazifuata kurudi nyuma. Legeza kila moja nusu mzunguko, kisha nenda ya pembe ya pili, hadi zote ziwe huru. Ukiifungua moja kabisa huku nyingine zimebana, hitisinki inaegemea pembe moja ya chipu, na chipu iliyo wazi inaweza kumeguka ukingoni. Ikimeguka, kompyuta imekwisha.

Kwenye prosesa yenye mfuniko wa chuma, izungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia hadi pesti iachie, ndipo uinue. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu hazishikwi na fremu juu. Pesti ikikauka zinaweza kung'oka pamoja na hitisinki na kupinda pini. Kwenye chipu iliyo wazi usizungushe kwa nguvu, inua wima taratibu. Usiingize bisibisi katikati ili kubanua, kwa hali yoyote ile.

Chini ya hitisinki unaweza kukuta pedi za joto juu ya chipu za umeme au za kumbukumbu. Zipige picha kabla hujazigusa. Nzima ziache zilipo.

Futa pesti ya zamani kwanza kwa karatasi kavu, ili uondoe sehemu kubwa bila kuitandaza. Kisha lowesha kitambaa kwa alkoholi na ufute kutoka ukingoni kwenda katikati, ukibadilisha sehemu safi ya kitambaa kila mara. Pembeni mwa chipu iliyo wazi kuna kapasita ndogo sana. Tumia kijiti cha pamba, usikwangue kwa chuma. Maliza chipu na uso wa hitisinki mpaka kitambaa kisitoke na rangi, kisha subiri dakika chache alkoholi ikauke.

Mashine chache hutoka kiwandani na metali ya majimaji badala ya pesti. Utaitambua kwa mng'ao wa fedha na kwa jinsi inavyotiririka. Hiyo hupitisha umeme na huila alumini, na tone moja likidondokea kwenye madabodi linatosha kuiua. Ukiikuta na hujawahi kuishughulikia, rudisha hitisinki taratibu na umpelekee fundi anayeifahamu.

Pesti: kiasi, aina na namna ya kupaka

Nyuso za chuma zinazoonekana laini kwa macho zina mabonde madogo, na mabonde hayo yakijaa hewa joto halipiti. Hewa hupitisha joto kwa takriban wati 0.026 kwa mita kwa kelvini, shaba karibu 400. Pesti nzuri hupitisha wati chache tu kwa kipimo hichohicho: bora mara nyingi kuliko hewa, lakini dhaifu sana mbele ya shaba. Kwa hiyo kazi yake ni kujaza mabonde na kuondoka njiani. Tabaka nene ni kizuizi.

Kwa prosesa yenye mfuniko, weka tone moja katikati lenye upana wa mm 4 hadi 5, na uiachie hitisinki ilitandaze kwa uzito wake. Kwa chipu iliyo wazi sipendi mtindo wa tone. Chipu hizo ni za mstatili, nyingine ndefu, na kona isiyofikiwa na pesti huwaka moto peke yake kwa kuwa haina mfuniko wa kusambaza joto. Tandaza kwa kijiti cha plastiki tabaka jembamba linalofunika uso wote hadi pembeni. Kwenye prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato utaona chipu mbili kwenye kibao kimoja, kubwa na ndogo. Kabla ya kufuta alama za zamani, tazama kama hitisinki ilikuwa inagusa zote mbili. Kama ilikuwa, zote zipake.

Aina gani? Chagua isiyopitisha umeme. Arctic MX-4 na MX-6, au Noctua NT-H2, zinafaa na hazihitaji ujuzi wa pekee. Tofauti kati ya pesti nzuri na pesti nzuri nyingine ni ndogo kuliko tofauti kati ya hitisinki iliyokazwa sawa na iliyokazwa ovyo.

Kwa chipu iliyo wazi lipo jambo moja zaidi. Kila mashine inapopata joto na kupoa, chipu na chuma hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na mwendo huo husukuma pesti nyepesi kutoka katikati kwenda pembeni. Baada ya miezi, katikati, ambako ndiko kwenye joto kali, hubaki pakavu. Ndiyo maana ukifungua utaona pesti imerundikana kingoni. Kwa sababu hiyo, mimi kwa ukoo wa pili napendelea karatasi ya PTM7950 ya Honeywell. Ni ngumu kwenye joto la kawaida, hulainika ikifika nyuzi 45 hivi, hujaza mabonde, na haisukumwi nje kirahisi. Iweke kwenye jokofu dakika chache ili utando wake wa plastiki utoke bila kuichana, ikate kwa kipimo cha chipu, bandua utando wa upande mmoja, ibandike, kisha bandua wa juu. Hakikisha umebandua zote mbili. Itahitaji kupata joto na kupoa mara kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo usiihukumu kwa jaribio la kwanza.

Pedi zilizochanika ndizo huharibu kazi iliyofanywa vizuri. Pedi mpya ikiwa nene kuliko ya zamani hata kwa nusu milimita, inaishikilia hitisinki juu na kuizuia isikandamize chipu. Pima pedi ya zamani mahali ambapo haijabonyea. Na usijaribu kuweka pesti mahali pa pedi. Nafasi iliyopo ni kubwa, pesti haitaijaza.

Kurudishia

Shusha hitisinki wima, mara moja, bila kuiteleza. Shika skrubu zote kwa mizunguko miwili kila moja, kisha zikaze kwa kupishana pembe kufuata namba. Skrubu zenye springi huwa na kikomo: zikisimama, zimefika. Kama ni mara yako ya kwanza, ni busara kuikaza, kuifungua tena na kutazama alama. Ukiona pesti imefika kila upande kwa usawa, safisha, paka upya kwa kiasi kilekile na ufunge. Unapoteza pesti kidogo na unapata uhakika.

Rudisha feni na uchomeke plagi yake. Pitisha waya mbali na mapanga. Rudisha madabodi kwa kuingiza kwanza plagi za nyuma, kisha RAM, SSD, na mwisho antena: panga kifungo juu ya soketi yake hadi uhisi kimekaa katikati, ndipo ubonyeze kwa kidole. Ukibonyeza kabla hakijakaa, unakipinda.

Usifunge mfuniko bado. Unganisha skrini, kibodi na umeme, washa, na uangalie feni kwa macho. Isipozunguka ndani ya dakika moja, au BIOS ikilalamika kuhusu feni, zima, plagi haijaingia. Mashine za ofisini zinaweza pia kuonya kwamba mfuniko umefunguliwa. Hilo halina shida. Ulipotoa RAM, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda mara ya kwanza, hasa kwa RAM ya aina ya DDR5, mashine ikipima upya kumbukumbu zake. Ipe dakika kadhaa kabla ya kuogopa. Ikikataa kabisa, ichomoe na uziketishe RAM upya. Wi-Fi ikishika pale tu unapokaa karibu na ruta, antena moja haijabanwa.

Kupima tena, na namna ya kusoma matokeo

Rudia jaribio lile lile kwa muda ule ule, ukitoa joto la chumba kwenye kila kipimo. Wengi hukata tamaa hapa wakiona namba ya joto haijashuka sana. Tazama kasi na wati. Prosesa za sasa zikipata nafasi hujiongezea kasi mpaka zifikie tena kikomo chao, hivyo joto linaweza kubaki karibu palepale huku kazi ikifanyika haraka zaidi. Kama mwanzo ilikuwa inashikilia wati 18 kwa nyuzi 97 na sasa inashikilia 28 kwa nyuzi 93, umefanikiwa sana hata kama tofauti ya joto ni nyuzi nne tu.

Joto likipanda kuliko mwanzo, sababu za kwanza za kuchunguza ni pedi nene, utando wa plastiki uliosahaulika, na skrubu moja isiyokazwa. Kiini kimoja kikiwa cha moto zaidi ya vingine kwa nyuzi 15 au zaidi, pesti haijafika upande wake au hitisinki imeinama. Joto likiwa zuri lakini feni bado inapiga kelele, ingia BIOS utazame mpangilio wa feni; kama ulichomoa betri ya saa, huenda umerudi kwenye hali ya mwanzo, na tarehe nayo itakuwa imepotea.

Mashine ikishatulia, iwekee nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma, isikae juu ya kitambaa wala sakafuni, na kama modeli yako ina matundu chini, iinue kidogo au uisimamishe kwa kishikio chake. Fungua mashine kila baada ya miezi sita, pitisha brashi na hewa, uangalie mdomo wa mapezi kwa tochi. Hitisinki usiiguse mpaka vipimo vikuambie. Ndiyo maana ile karatasi ya namba za mwanzo na za mwisho ibandike ndani ya bamba la chini, pamoja na tarehe na aina ya pesti uliyotumia, ili wewe au fundi atakayeifungua baadaye ajue aanzie wapi.